Kitambi cha zamu: namna ya kujikinga na kisukari ukiwa zimamoto au kwenye ambulansi

Mtu wa nje akimfikiria askari wa zimamoto humwona yuko juu ya ngazi na mpira wa maji mkononi. Aliyewahi kukaa kituoni anajua kwamba sehemu kubwa ya zamu ni kusubiri. Simu ya zimamoto, 114, inaweza kunyamaza kutwa nzima, kisha ikalia mara tatu kati ya saa sita usiku na alfajiri. Dereva wa ambulansi anamsubiri muuguzi amalize kukabidhi mgonjwa. Polisi wa doria amekaa ndani ya gari. Mpokea simu za dharura hainuki kabisa. Kitambi cha kazi hizi hujengwa humo kwenye kusubiri: chai yenye sukari, chipsi mayai za usiku wa manane na usingizi wa vipande vipande. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulika zaidi na saa za kusubiri kuliko za tukio lenyewe.

Kuna hoja ambayo husikika sana vituoni: "Sisi si wanene, ni misuli." Marekani waliipima hoja hiyo. Ripoti ya utafiti iliyotoka mwaka 2011 ilionyesha kwamba karibu wazimamoto wanane kati ya kumi walikuwa na uzito uliozidi, walioajiriwa na wanaojitolea karibu sawa. Watafiti hawakuishia kwenye mizani, walipima na mafuta ya mwili, na wenye unene wakaonekana wengi zaidi. Misuli ipo, lakini haikuwa ndiyo inayojaza mizani.

Uzito huo unahusianaje na sukari? Mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, huufanya mwili uwe mzito kuisikia insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu. Juu ya hapo kazi ina mchango wake. Kengele ikilia, homoni za adrenalini na kortisoli huliamuru ini limwage sukari kwenye damu ili misuli ipate nguvu. Anayekimbia na kubeba vifaa anaitumia sukari hiyo. Dereva na mpokea simu wanamwagiwa sukari ile ile wakiwa wamekaa. Ndiyo maana siwaachi nje ya mwongozo huu, ingawa hakuna anayewafikiria kazi za jasho zikitajwa.

Hatua ya 1: Anza na futi ya fundi, mizani baadaye

Azima futi ya kamba kwa fundi cherehani. Simama wima, legeza mkanda, pandisha shati. Tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho kabisa upande mmoja, halafu ushuke hadi ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Futi inapita katikati ya sehemu hizo mbili. Kitovu hakihusiki, na pale suruali inapokaa hapahusiki pia. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, kisha soma.

Nasisitiza habari ya suruali kwa sababu ndiyo inayowadanganya wanaume wengi. Mwenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo, kwa hiyo saizi ya sare inabaki ile ile miaka kumi huku tumbo likining'inia juu yake. Karani wa stoo ataandika 34, futi itasema mengine.

Kwa mwanamume, sentimita 94 ni mahali pa kuanza kuwa macho, na zaidi ya 102 ni hatari kubwa. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Asiyependa namba achukue kamba yenye urefu sawa na wake, aikunje katikati, aizungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na hilo peke yake linatosha kumpeleka hatua inayofuata.

Baada ya hapo panda mizani. Gawanya kilo zako kwa urefu wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo, utapata BMI. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Andika namba zote mbili pamoja na tarehe, nyuma ya daftari la zamu au kwenye simu.

Hatua ya 2: Jipe alama kwa ukweli

Wafini walitengeneza dodoso fupi, FINDRISC, ambalo halihitaji damu. Unajumlisha alama hivi:

- Umri: miaka 45 hadi 54 alama 2; 55 hadi 64 alama 3; zaidi ya hapo 4.
- BMI: 25 hadi 30 alama 1, zaidi ya 30 alama 3.
- Kiuno: mwanamume 94 hadi 102 au mwanamke 80 hadi 88, alama 3, zaidi ya hapo 4.
- Hufikishi nusu saa ya kutumia mwili kila siku, kazini au nje ya kazi: 2.
- Huli mboga au matunda kila siku: 1.
- Umewahi kupewa dawa za presha: 2.
- Umewahi kuambiwa sukari iko juu, hata ikiwa ni wakati wa ujauzito: 5.
- Mzazi, ndugu wa damu au mtoto wako ana kisukari: 5. Ikiwa ni babu, bibi, mjomba, shangazi au binamu: 3.

Chini ya 7 hatari ni ndogo. Kuanzia 7 hadi 11, mmoja kati ya 25 hupata kisukari ndani ya miaka kumi. Kuanzia 12 hadi 14 ni mmoja kati ya sita. Kuanzia 15 hadi 20 ni mmoja kati ya watatu, na zaidi ya 20 ni nusu kwa nusu. Hesabu hizo zilitokana na watu wa Finland, kwa hiyo kwetu zichukue kama chujio la kuonyesha nani aende kupima kwanza, usizifanye hukumu.

Tuseme ni dereva wa ambulansi wa miaka 47, urefu mita 1.70, kilo 88, kiuno 104. Mama yake ana kisukari, anakula mchicha kila siku, hana presha, na kutwa yuko kwenye usukani. Umri 2, BMI ya 30.4 ni 3, kiuno 4, kukaa 2, mama 5: jumla 16. Sasa apungue hadi kilo 82, kiuno kishuke hadi 98, na aanze kutembea nusu saa kila siku. Umri na mama havibadiliki, lakini jumla inashuka hadi 11. Kilo sita tu zimemtoa kwenye kundi la mmoja kati ya watatu.

Hizo kilo sita sikuzichagua ovyo. Ni kama asilimia 7 ya uzito wake, lengo lile lile waliloliweka Wamarekani kwenye utafiti wao mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa mwaka 2002. Watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Waliougua walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wenzao waliopewa vidonge bandia. Waliopewa metformini, dawa ya kisukari, walipunguza hatari kwa asilimia 31. Miguu na sahani vilishinda kidonge.

Hatua ya 3: Pima sukari, ila siyo ukitoka zamu ya usiku

Kosa la kawaida ni askari kupita zahanati saa mbili asubuhi akitoka kazini, kwa kuwa ndiyo njiani. Amekunywa chai saa tisa usiku, hajalala, na tukio la mwisho bado liko mwilini. Hiyo haiwezi kuitwa sukari ya kufunga. Chagua asubuhi ya siku ya mapumziko, uwe umelala usiku, na zimepita angalau saa 8 bila kula wala kunywa chochote isipokuwa maji.

Mkipimana wenyewe kituoni kwa mashine ya kidole, nawa mikono kwa sabuni na ukaushe. Aliyemenya chungwa asiponawa, mashine itapima chungwa. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, huko maumivu ni kidogo. Na vile vijiti vya kupimia visikae kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto huviharibu na vitatoa namba za uongo bila kukuonya. Kopo lifungwe kila unapotoa kijiti kimoja.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya kufunga iliyo chini ya 6.1 (milimoli kwa lita, mmol/L) ni ya kawaida. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 uko ukingoni. Ikifika 7.0 au zaidi, nenda hospitali ukapimwe damu ya mshipa maabara, na kama huna dalili kipimo kirudiwe siku nyingine kabla hujaitwa mgonjwa wa kisukari. Ukiwa na dalili, yaani kiu isiyoisha, kukojoa kila mara, kupungua bila sababu na macho kuona ukungu, na sukari ya wakati wowote ikawa 11.1 au zaidi, usisubiri siku ya mapumziko. Ukiongeza kutapika, maumivu ya tumbo na kuhema kwa nguvu, hiyo ni dharura kama zile unazozikimbilia kila siku.

Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, hakihitaji kufunga, na kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Kinawafaa sana watu wa zamu. Ila mwenye sikoseli au upungufu mkubwa wa damu amwambie daktari kabla, maana majibu yake yanaweza kupotosha.

Hatua ya 4: Hamisha chakula kitoke usiku

Nikiambiwa nichague hatua moja tu kwa mtu wa zamu, nitachagua hii. Mwili una saa yake, na usiku insulini haifanyi kazi vizuri kama mchana. Sahani ile ile ya wali, ukiila saa saba mchana na ukiila saa saba usiku, haileti sukari sawa kwenye damu.

Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa San Diego, California, kwa wazimamoto zaidi ya 130 wanaofanya zamu za saa 24. Wote walipewa ushauri wa chakula bora, na nusu yao wakaambiwa pia wale ndani ya saa 10 tu kila siku, kwa mfano kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa moja jioni. Kwa wiki 12 waliweza, bila kazi kuathirika. Waliokuwa tayari na hatari, kama presha au sukari ya juu, walipata nafuu kwenye HbA1c na kwenye ile namba ya chini ya kipimo cha presha. Ninaupenda utafiti huo kwa sababu ulifanyika kwa watu wanaoamshwa na kengele, na siyo wanafunzi waliolazwa maabara.

Kwa kituo cha kwetu panga hivi. Mlo mkubwa uwe mchana au mapema jioni, uishe saa moja au saa mbili usiku. Baada ya hapo ni maji, au chai ya rangi bila sukari. Usiku wa matukio mfululizo, mtu amebeba mwili ngazi nne na mikono inatetemeka, asishindane na njaa. Ale yai la kuchemsha, konzi ya karanga, tango. Anachotakiwa kukiacha ni ule mlo kamili wa pili unaoliwa saa nane usiku kwa sababu tu watu wako macho na kijana wa chipsi yuko getini. Asubuhi ukitoka, kula kidogo kisha ulale. Supu na chapati tatu kabla ya kulala kutwa zinarudisha ulichokikwepa usiku.

Wanaofunga Ramadhani tayari wana nidhamu ya saa, ila saa zenyewe ni kinyume. Mwenye dawa za kisukari azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Jikoni, badilisha sufuria na usihangaike na mtu mmoja mmoja. Vituo vingi watu huchangishana na kupika pamoja, kwa hiyo anayepika ana nguvu kuliko daktari. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Mchicha, matembele au kabichi vijaze nusu ya sahani, robo iwe ugali au wali, robo iwe maharage, dagaa, samaki au nyama. Ugali wa dona badala ya sembe ukipatikana. Sahani za kituoni huwa pana kama sinia, basi nunueni ndogo, na hilo halihitaji mtu kujinyima hadharani.

Vinywaji vinastahili hesabu yake. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, sawa na vijiko tisa vidogo. Kila mtu siku hizi anajua soda ni mbaya. Lakini vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni vijiko tisa vile vile, na kwenye zamu ya saa 24 vikombe vitatu ni mwanzo tu. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyonywewa kufukuza usingizi vina sukari ya kukaribiana na soda pamoja na kafeini, na vingi ni chupa kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana isizidi asilimia 5, ambayo ni kama vijiko sita. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea bila ugomvi.

Hatua ya 5: Linda usingizi kama unavyolinda pumzi za mtungi

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa vijana 11 wazima saa nne tu za kulala kwa usiku sita. Uwezo wao wa kuondoa sukari kwenye damu ulishuka kwa karibu asilimia 40. Walikuwa vijana, hawakuwa wanene, na ilikuwa chini ya wiki moja.

Ukitoka zamu, lala kabla ya shughuli za mtaani, siyo baada yake. Pazia zito, simu mbali, na familia ijue kwamba saa fulani baba au mama hagongewi mlango. Wenye duka, bodaboda au shamba la pembeni hapa ndipo wanapoumia, na najua mshahara ndio unaowasukuma. Basi angalau siku ya kwanza baada ya usiku iwe ya usingizi, biashara ianze mchana. Kituoni, lala dakika ishirini au thelathini kila nafasi ikipatikana, na kahawa ya mwisho iwe nusu ya kwanza ya usiku.

Hatua ya 6: Jisogeze, lakini usianze na mbio

Lengo ni dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka au kazi inayofanana nayo, na siku mbili za kuinua vitu. Vifaa mnavyo tayari: mipira ya maji iliyokunjwa, ngazi, mitungi. Katika kusubiri, inuka kila nusu saa. Mpokea simu aongee akiwa amesimama, waya ukiruhusu.

Tahadhari ni hii. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ulichangia asilimia 39 ya vifo vya wazimamoto wakiwa kazini, na karibu theluthi ya vifo hivyo vya moyo ilitokea wakati wa kuzima moto, kazi inayochukua asilimia ndogo sana ya muda wao. Mwenye kitambi, presha na miaka arobaini na kitu asijithibitishe kwa mbio za ghafla siku ya gwaride. Apime presha kwanza, atembee wiki kadhaa, ndipo aongeze.

Hatua ya 7: Kama tayari una kisukari na bado uko kazini

Wengi wanaendelea na kazi vizuri, ila zijue dawa zako. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi na insulini zinaweza, na hatari inakuja pale umemeza dawa, chakula kiko mezani, kengele ikalia. Muulize daktari ufanye nini siku ya namna hiyo, na kama kuna dawa inayokufaa zaidi.

Dalili za sukari kushuka ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Kwa mtu wa dharura hizo ni dalili za kila tukio, kwa hiyo ni rahisi kuzipuuza. Mwambie mwenzako mmoja kwenye gari. Weka mfukoni sukari au pipi. Ikishuka chini ya 4, koroga vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, unywe, subiri dakika 15, pima tena. Dereva anayetumia dawa hizo apime kabla ya kushika usukani. Chini ya 5 ale kwanza, chini ya 4 haendeshi. Uingereza humtaka dereva asubiri dakika 45 baada ya sukari kurudi kawaida, kwa kuwa ubongo huchelewa kurudi.

Insulini isiachwe garini. Na kila zamu ikiisha, vua buti na uangalie nyayo na katikati ya vidole. Kisukari huua hisia za miguu, na kokoto ndani ya buti la zimamoto inaweza kutoboa ngozi zamu nzima bila mwenyewe kujua.

Ratiba ya kurudia

Kiuno na mizani mara moja kwa mwezi, tarehe ya mshahara ili usisahau. Sukari ya kufunga mara moja kwa mwaka ukiwa sawa, na kila miezi sita ukiwa kati ya 6.1 na 6.9. Mkuu wa kituo anayetaka kikosi kizima kipimwe amwite muuguzi wa zahanati ya karibu, upimaji ufanyike asubuhi ya kundi linaloingia, siyo linalotoka, na majibu yabaki kwa mpimwaji na muuguzi. Orodha ikishabandikwa ubaoni mara moja tu, mwaka unaofuata nusu ya kikosi watakuwa "wameshakunywa chai".